Noeli: Kujifunza Kumpokea Yesu, Zawadi ya Mungu



Ndugu msomaji, Noeli ya mwaka jana tulitumwa mafrateri wawili kumsaidia katekista wa kigango kimoja kilicho mbali na makao ya parokia, huko Nyanda za Juu Kusini. Paroko alikuwa na vigango vingi vya kuzungukia, hivyo kigango chetu kilipangiwa Misa tarehe 26, na siku yenyewe ya Noeli tukawa na Ibada ya Neno. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, bodaboda hazikuweza kupanda kile kilima, na watu walifika wameshika viatu mkononi. Pamoja na hayo kanisa lilijaa. Mmoja wetu alitoa mafundisho, na mada ilikuwa hii hii: Yesu ni zawadi ya Mungu kwetu.

Baada ya ibada tulikuwa nje tukisalimiana na waamini, akatujia bibi mmoja na wajukuu wake wawili. Mkononi alishika kipande cha kitenge kilichofungwa fundo. Alikifungua mbele yetu taratibu. Yalikuwa mayai manne.

"Frateri, hii ndiyo Noeli yenu," alisema.

Tuliyatazama mayai, tukamtazama yeye, tukawatazama wale wajukuu. Ndala zake zilikuwa zimekatika na kuungwa kwa waya. Basi tukamwambia kwa upole, na tulidhani ni kwa upendo, "Asante sana bibi, lakini baki nayo tu, uwapikie wajukuu. Sisi tuko sawa." Hakubishana nasi. Alifunga fundo lake upya, akawashika wajukuu mikono, akaondoka.

Katekista, mzee aliyeitumikia kazi hiyo tangu sisi hatujazaliwa, alisubiri mpaka watu wakapungua. Kisha akasema, "Frateri, mmefundisha vizuri sana kwamba Yesu ni zawadi. Ila zawadi hamjui kuipokea."

Maneno hayo tumetembea nayo mwaka mzima, hata darasani. Mwanzoni yalituuma, na tulijitetea kimoyomoyo kwamba nia yetu ilikuwa njema. Sasa tunaona kwamba yule mzee alitugusa mahali ambapo fumbo la Noeli linatugusa sote. Kila mwaka wakati wa Majilio tunafundishwa kutoa: kuwapa maskini, kuwatembelea wagonjwa, kuwapeleka watoto yatima nguo na sabuni. Ni mafundisho ya kweli na tusiyaache. Lakini usiku wa Noeli, kabla hatujatoa chochote, sisi ndio tunaopewa. Nabii Isaya, katika somo la Misa ya usiku (Isa 9), anatangaza kwamba tumezaliwa mtoto, tumepewa mwana. Hajataja bado tutakalofanya sisi. Kazi ya kwanza ya mtu aliyepewa ni kupokea.

Neno "kupokea" katika lugha yetu

Sisi tunaosoma falsafa tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuanza jambo kabla ya kuuliza maana ya neno. Msomaji atuvumilie kidogo.

Katika nyumba zetu, mgeni anapotokea njiani akiwa na begi kichwani, mama humwambia mtoto, "Kimbia ukampokee bibi yako." Mtoto akirudi mikono mitupu huku bibi bado amejitwika mzigo wake, atagombezwa. "Mbona hukumpokea?" Mtoto anaweza kujibu kwamba alimwamkia vizuri, alimpa shikamoo na kumkumbatia. Haitoshi. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kumpokea mtu ni kuchukua alichobeba. Anayesema "nikupokee" ananyoosha mkono kuelekea kwenye mzigo.

Sasa tusome Injili ya Misa ya mchana wa Noeli tukiwa na maana hiyo mkononi. Mwinjili Yohane anasema kwamba Neno alikuja kwake, na walio wake hawakumpokea. Ila wale waliompokea aliwapa uwezo wa kuwa watoto wa Mungu (Yn 1:11-12). Mara nyingi tunaelewa kwamba kumpokea ni kumkubali kwa akili, kukiri kwamba ndiye. Hilo ni sehemu yake. Lakini mgeni huyu naye amefika na mzigo, na swali ni kama tumenyoosha mkono kuuchukua.

Amebeba nini? Tukiangalia lile pango la Noeli tunalolijenga kanisani kwa matete na karatasi za mifuko ya saruji, jibu liko mbele yetu. Amefika na mama ambaye majirani walikuwa na la kusema juu yake. Amefika na Yosefu, fundi asiye na chumba. Amewaleta wachungaji, watu wa kulala porini na wanyama. Amekuja na umaskini wake na ukimbizi unaomsubiri, na njia anayoianza pale inaishia msalabani. Wengi wetu tungefurahi kumkaribisha mtoto mzuri anayelala kimya, kisha mzigo wake ubaki nje. Na tukithubutu kuufungua mzigo huo tunakuta jambo la kushangaza: vitu vilivyomo ni vyetu. Nabii alishasema kwamba ni masikitiko yetu aliyoyachukua na huzuni zetu alizojitwika (Isa 53:4). Kwa hiyo anayempokea Yesu mzigo wake anakutana na maisha yake mwenyewe, yale aliyokuwa anayakimbia, safari hii yakiwa yamebebwa na Mungu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama wapo wageni wengi ambao methali hii inawafaa kikamilifu kama huyu.

Mwinjili Luka naye anasema kwamba mtoto alilazwa katika hori ya kulishia wanyama kwa sababu hapakuwa na nafasi (Lk 2:7). Neno la Kigiriki analotumia kwa mahali palipokosa nafasi ni katalyma, na linaweza kumaanisha chumba cha wageni. Luka analirudia neno hilo hilo mwishoni mwa Injili yake, Yesu anapoulizia chumba atakachokula Pasaka pamoja na wanafunzi wake (Lk 22:11). Aliyekosa chumba cha wageni wakati wa kuzaliwa ndiye anayetukaribisha chumbani usiku wa kuamkia mateso yake, na humo anajitoa awe chakula. Lakini katika mfano wa Msamaria mwema, ile nyumba ya wageni alikopelekwa mtu aliyejeruhiwa inaitwa kwa neno jingine, pandocheion (Lk 10:34). Asili yake ni maneno mawili: "wote" na "kupokea". Ni nyumba inayopokea wote. Tangu tulipofundishwa hilo, kila tukiona kanisa dogo la kigango lenye mlango usio na kufuli tunalikumbuka.

Je, si heri kutoa kuliko kupokea?

Hapa kuna pingamizi, na ni pingamizi zito kwa sababu limo katika Maandiko yenyewe. Mtume Paulo, akiwaaga wazee wa Efeso, anakumbusha neno la Bwana kwamba kutoa kuna heri zaidi kuliko kupokea (Mdo 20:35). Na sisi Waswahili tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Je, tunaposifu kupokea hatufundishi watu uvivu na kuombaomba?

Jibu linapatikana kwa Paulo yule yule. Anawauliza Wakorintho ni kitu gani walicho nacho ambacho hawakukipokea (1Kor 4:7). Heri ya kutoa ni ya kweli, ila ni ya mtu anayejua kwamba anachokitoa alipewa. Asiyejua hilo anatoa kama mmiliki. Anatoa akiwa juu, na anayepokea anabaki chini. Tukumbuke yale mayai manne. Sisi tulikuwa tayari kabisa kumpa yule bibi, na kama tungekuwa na kilo ya sukari tungempa kwa furaha. Tulichoshindwa ni kumruhusu yeye asimame juu yetu kwa dakika moja, awe mtoaji, nasi tuwe wahitaji. Tuliita huruma, na ndani yake palikuwa na kiburi kidogo kilichovaa kanzu.

Mwaka 1925 msomi wa Kifaransa, Marcel Mauss, aliandika utafiti mashuhuri juu ya zawadi katika jamii mbalimbali za dunia. Aliona kwamba zawadi, hata ile inayoonekana ya hiari, huambatana na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Hakuna haja ya kwenda mbali kuhakikisha. Tazameni daftari la michango ya harusi. Fulani alituchangia elfu hamsini. Binti yake akiolewa, daftari litafunguliwa. Hatulaumu, kwa maana ndivyo jamii zetu zinavyoshikamana na ndivyo wengi wetu tulivyosomeshwa. Tatizo linaanza tunapomfungulia Mungu daftari. Tunahesabu novena, zaka, majitoleo ya ujenzi wa kanisa, Rozari za Oktoba. Kisha mtoto anaugua, na tunauliza kwa uchungu deni letu liko wapi. Au kinyume chake: mtu ameanguka dhambini, anaona hana cha kulipa, basi haji kabisa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino analieleza jambo hili kwa namna iliyotusaidia sana darasani. Katika Summa Theologiae (sehemu ya kwanza, swali la 38), akimtegemea Aristotle, anaeleza kwamba zawadi kwa maana yake halisi ni kitu kinachotolewa bila nia ya kurudishiwa. Halafu anauliza kwa nini mtu atoe hivyo, na jibu lake ni upendo: tunampa mtu bure kwa sababu tunamtakia mema. Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachompa ni ule upendo wenyewe, na vitu vingine vyote hutolewa kwa sababu yake. Thomas anazungumzia hapo jina la Roho Mtakatifu, ila mwanga wake unaangaza mpaka horini. Mtoto wa Bethlehemu hakuletwa ili alipiwe. Hakuna daftari linaloweza kuandika kiasi chake.

Mwandishi wa zaburi alijaribu. Anauliza amrudishie Bwana nini kwa ukarimu wote aliotendewa, na mtu angetegemea orodha ya sadaka. Badala yake anajibu kwamba atakipokea kikombe cha wokovu (Zab 116:12-13). Anaulizia namna ya kulipa, na anaishia kupokea tena! Baadaye katika zaburi hiyo hiyo anatoa sadaka ya shukrani na kutimiza nadhiri zake, lakini kikombe kimetangulia.

Petro na beseni la maji

Anayedhani kupokea ni rahisi amtazame Petro usiku wa Karamu ya Mwisho. Yesu ameshika beseni na kitambaa, na Petro anakataa kata kata kuoshwa miguu (Yn 13:6-9). Huyu ni Petro aliyekuwa tayari kutoa, na muda mfupi baadaye anaahidi kuutoa hata uhai wake. Kuoshwa miguu na Bwana wake kunamshinda. Jibu la Yesu ni kali kuliko tunavyolikumbuka: asipokubali kuoshwa, hana sehemu pamoja naye. Hakumwambia kwamba atapungukiwa kidogo.

Sisi wawili tulisoma sehemu hiyo usiku ule ule, nyumbani kwa katekista, tukiwa na taa ya sola. Asubuhi baada ya Misa tulimwomba mzee atuelekeze kwa yule bibi. Ni mwendo wa karibu saa nzima, unavuka kijito, halafu mashamba ya mahindi yaliyokuwa yamefika magotini.

Alituona kwa mbali. Aliacha jembe akaja kutupokea, na tulipotaka kukataa kwamba begi ni jepesi tulikumbuka, tukamwachia. Ndani yake kulikuwa na vitabu viwili vya sala na koti la mvua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba wanangu. Mmepotea?"

Tulimwambia tumekuja kuomba msamaha, na kama inawezekana tumeyafuata mayai yetu. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mmechelewa, frateri. Hawa wameshayala jana." Wajukuu nao wakacheka, kwa sababu walijua wanatajwa wao. Kisha alituketisha kwenye mkeka, akawasha moto, akatupikia viazi mviringo na chai ya rangi isiyo na sukari. Tulikula. Hatukumwambia asihangaike. Alitusimulia juu ya mume wake aliyefariki, juu ya binti yake aliyeko mjini ambaye hajarudi miaka mitatu, na juu ya goti lake. Tulikuwa tumekaa kigangoni kwa wiki moja na hatukujua hata moja kati ya hayo. Kama tungepokea mayai siku ile, pengine angetusimulia palepale nje ya kanisa. Na tulipoyakataa tuliukataa pia mlango wa nyumba yake.

Kumpokea Yesu katika siku zetu za kawaida

Yule binti aliyeko mjini alitufikirisha. Kwa nini hajarudi? Bibi alisema, "Anaona aibu, hana kitu." Tunawafahamu wengi wa namna hiyo, na huenda msomaji wetu ni mmoja wao. Desemba inafika, mabasi yanajaa, kila anayerudi kijijini anategemewa ashuke na kitu: kilo za mchele, vitenge vya mama, soda za watoto. Mkono mtupu haulambwi, wanasema. Basi aliyekosa kazi anazima simu mpaka sikukuu zipite. Na kijijini mama anakaa mlangoni akitazama barabara, na angempa kila alicho nacho mtu atakayemletea yule binti mwenyewe, hata bila kanga.

Hali hiyo hiyo ipo kanisani. Kuna ndugu wasiokuja Misa ya Noeli kwa sababu hawana nguo mpya, au hawajamaliza michango ya jumuiya, au ndoa yao ina shida na wanaona hawana cha kumwonyesha Mungu. Tungependa wasome hapa kwamba wachungaji walikwenda haraka kumwona mtoto, na Injili haijataja walichobeba. Luka anataja walichopewa: habari, ishara, furaha. Mamajusi walikuja na dhahabu, ubani na manemane, na zawadi zao zilikuwa njema, ila walifika baada ya wachungaji. Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zingefanya jambo zuri kuwatafuta majina ndugu hao kabla ya tarehe 24 na kuwafuata nyumbani, bila daftari.

Kuna wagonjwa pia. Tunamfikiria baba ambaye miaka yote ndiye aliyelisha familia, kisha kiharusi kimemlaza. Sasa analishwa kwa kijiko na mke wa mwanawe, anaogeshwa, anageuzwa kitandani. Maumivu yake makubwa mara nyingi hayako mwilini. Anajiona amekuwa mzigo, anakasirika, anatema chakula. Tunaweza kumwambia nini mtu huyu kwenye Noeli? Tunaweza kumwambia kwamba Mungu aliwahi kuogeshwa. Neno wa milele, ambaye kwa yeye vitu vyote vilifanyika, alifungwa nguo za kitoto, alinyonyeshwa, alibadilishwa, alilia usiku na Mariamu akaamka. Hakuona aibu kupokea uangalizi wa mikono ya binadamu. Tangu hapo kuhudumiwa si fedheha. Baba yule anapofungua kinywa na kupokea kijiko cha uji anafanya kitu alichokifanya Mwana wa Mungu. Na yule mkwe anayeshika kijiko, aliyechoka, ambaye hakuna anayemshukuru, yuko mahali pa Mariamu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika Gaudium et Spes (namba 22) unafundisha kwamba kwa Umwilisho wake Mwana wa Mungu amejiunganisha kwa namna fulani na kila mwanadamu. Tunalinukuu sana fundisho hilo katika insha zetu. Chumba cha mgonjwa ndipo linapopimwa.

Tuseme pia juu yetu sisi tulio katika malezi. Wito ni zawadi, tunaliimba hilo kila siku, na bado tunaishi kama watu wanaoulipia. Tunakusanya alama za mitihani, sifa za walezi, pongezi za parokia ya nyumbani. Mlezi akituita na kutuonyesha kasoro tunatoka tukitafuta nani alimpelekea habari. Kuna maonyo ambayo ni mayai manne katika kipande cha kitenge: yule aliyeyaleta amejikaza kuyaleta, na sisi tunamrudishia. Vivyo hivyo kwa mwenzetu wa chumbani ambaye anatuomba msamaha kwa namna isiyo nzuri, nusu nusu, na tunamwambia "hamna shida" ili asiendelee. Angependa tumsikilize mpaka mwisho. Na katika Sakramenti ya Kitubio tunaungama haraka, tunapokea malipizi, lakini maondoleo yenyewe hatuyaamini. Tunarudi wiki inayofuata na dhambi ile ile iliyokwisha kusamehewa, kana kwamba tunaona aibu kusamehewa bure.

Hori tupu ya Greccio

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alimwomba rafiki yake aitwaye Yohane aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Fransisko alitaka kuona kwa macho ya mwili taabu aliyoipata mtoto wa Bethlehemu kwa kukosa mahitaji ya mtoto mchanga. Thomas wa Celano, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba watu wa eneo lile walikuja usiku na mienge, Misa ikaadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili na kuhubiri. Papa Fransisko alikwenda mahali hapo tarehe 1 Desemba 2019 na kutia sahihi barua yake ya kitume Admirabile signum, inayohusu pango la Noeli, na humo anakumbusha kwamba usiku ule hapakuwa na sanamu.

Kwa hiyo pango tunalolihesabu kuwa mama wa mapango yote halikuwa na sanamu ya mtoto. Hori ilikuwa na nyasi, na juu yake altare. Mtoto alikuja katika mkate. Jina Bethlehemu kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate, na hori ni chombo cha kulia chakula. Watu wa Greccio hawakuja kutazama sanamu nzuri. Walikuja kwenye Ekaristi, wakarudi kwao na furaha.

Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu, katika katekesi zake za karne ya 4, aliwafundisha wabatizwa wapya namna ya kuunyoosha mkono wanapokaribia Komunyo: mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha mkono wa kulia, unaokwenda kumpokea Mfalme. Tulipolisoma hilo tulitabasamu, kwa sababu ndivyo bibi zetu walivyotufundisha kupokea kitu chochote kutoka kwa mkubwa: mkono wa kulia mbele, wa kushoto ukiushikilia, na magoti yakikunjwa kidogo. Pale Kanisa mahalia linaporuhusu Komunyo mkononi, mtoto aliyelelewa vizuri nyumbani tayari anajua afanye nini. Na anayepokea kwa ulimi yuko kama yule baba mgonjwa, au kama mtoto mchanga: anafungua kinywa tu na kulishwa.

Baada ya Sherehe ya Tokeo la Bwana na Sikukuu ya Ubatizo wake, pango letu litabomolewa. Sanamu zitafungwa kwenye magazeti na kurudishwa stoo, matete yatachomwa. Ada za shule zitakuwa zimefika, na watu watakuwa shambani kupalilia. Lakini Jumanne moja ya Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kengele ya parokia italia kama kawaida. Watakuja watu watano: masista wawili, mama mmoja wa WAWATA na kanga iliyolowa umande, mwalimu anayewahi shule, mzee mwenye fimbo. Hapatakuwa na kwaya wala taa za rangi. Padre ataushika mkate, atasema maneno yale, na wale watano watasogea mbele mmoja mmoja.